Mume wangu hataki nimshukuru mbele ya watu

Mama, jambo. Jambo sana kwako na kwa wote wa nyumbani.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza unga wa mahindi, ile mifuko ya kilo 25 inayopitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Bwana yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma: milango, madirisha, mageti, majiko ya makala. Tumefunga ndoa ya kanisa na ya serikali. Hanipigi, halewi, hajawahi kunivunjia heshima mbele ya watu. Kinachonifanya nikuandikie ni kwamba nataka kumshukuru na yeye hataki, na jambo hili nililodhani ni dogo limeanza kutugombanisha.

Mwaka 2023 wakubwa wa chama changu walikuja nyumbani kuniomba niingie kwenye orodha yao ya makonseye, yaani madiwani wa komini, mtaa mkubwa wa mji wenye baraza lake. Ilikuwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii ya 2006 watu wa komini kupigia kura baraza lao. Mimi siasa sikuwa nimeiwaza. Nilikuwa katibu wa wamama wa soko, basi, na kusema mbele ya watu hakunitishi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba walikuwa wanatafuta wanawake mbio mbio kwa sababu orodha yenye nusu wanawake ilisamehewa pesa ya dhamana kule CENI, tume ya uchaguzi. Lakini nilipokubali kuingia niliingia kwa moyo wote, sikuingia kujaza nafasi. Nilikuwa na maneno yangu: mifereji ya maji ya mvua, choo cha soko, taa za barabarani.

Nilimwuliza bwana yangu. Alinyamaza mchana kutwa, jioni akasema: "Nenda. Mimi niko."

Na kweli alikuwepo. Chama kilinipa fulana chache na bendera, mengine yote yalikuwa juu yetu. Fremu ya bango langu aliichomelea yeye kwa chuma chake, akaisimamisha kwenye kona ya avenyu yetu usiku, maana mchana alikuwa kazini. Alivaa fulana yenye sura yangu akaenda nayo hadi kwa wateja. Mimi nilipokuwa nazunguka parsele kwa parsele, yaani kiwanja kwa kiwanja, kwenye matope ya Desemba, yeye ndiye alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, watoto wanakula kwa wakati. Mama yake alikuja kutoka Likasi bila kuitwa, akakaa nasi mpaka baada ya kura. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la mwisho la sekondari, naye alisaidia sana wadogo zake.

Pesa ilipoisha, bwana yangu aliuza jenereta lake. Sikumwomba, Mama. Alirudi jioni, akaweka dolari mezani, akasema: "Hizi ni za mashahidi wako." Unajua mwenyewe, mashahidi wa kandida, yaani wa mgombea, kwenye vituo vya kura hawalipwi na CENI. Ni wewe unawatafuta, unawalisha, unawapa nauli ya kurudi. Tarehe 20 Desemba kituo chetu kilichelewa sana kufunguliwa, kura zikahesabiwa usiku. Yeye mwenyewe alikaa shahidi katika darasa moja la shule ya jirani, na thamosi ya chai, akanakili hesabu zote kwenye daftari la hesabu la mtoto wetu wa tatu, kwa mwanga wa simu. Lile daftari ninalo hadi leo.

Sikuchaguliwa. Hakunitupia neno hata moja. Fremu ya bango aliikata, akaifanya mlango wa choo cha jirani.

Maneno yalitoka kwa ndugu zake. Walimwita "Madame Kandida". Walimwuliza kama na yeye atavaa kitenge siku ya 8 Machi. Mkubwa wao alisema kwenye matanga, watu wakisikia, kwamba katika nyumba hii bibi ndiye anayevaa suruali. Bwana yangu hakuwajibu, wala kwangu hajawahi kuyataja. Niliyasikia kwa watu.

Sasa chama kimeniteua kuongoza wamama wake hapa Katuba, nitasimikwa hivi karibuni. Nimeweka akiba kwa siku hiyo. Nataka sherehe ya watu kama 150, mbuzi wawili, kitenge cha aina moja kwa familia nzima, na suti mpya kwa bwana yangu. Nimwite mbele, nimvishe koti, niseme watu wote wasikie, ndugu zake wakiwemo. Hotuba nimeshaandika. Inaanza: "Namshukuru mume wangu mpenzi, aliyeniruhusu kuingia siasa, bila yeye mimi si kitu." Nilipomsomea alisema: "Mimi usinitaje. Ukinitaja sitakuja." Akatoka akaenda karakana.

Sielewi anaona haya gani. Mama yake nilimpa kitenge mbele ya kanisa zima, akacheza mpaka pasta akacheka. Yeye kwa nini asikubali? Tangu siku ile ananijibu kwa mkato. Na hatuonani sana: anafanya kazi usiku, kwa sababu kwetu umeme unakuja usiku.

Kuna na hili. Wakubwa wa chama wameanza kuongea habari za uchaguzi wa 2028. Wanasema safari hii nitawekwa juu kwenye orodha, tena kwa udeputi wa jimbo, lakini nije "nimejiandaa". Mmoja aliniuliza kama karatasi za parsele yetu ziko sawa. Bwana yangu sijamwambia.

Rafiki zangu wanasema nimfanyie mshangao, eti wanaume wote hukataa hivyo halafu wanalia kwa furaha. Mama, nifanye hivyo? Mtu asiyetaka asante unamshukuru vipi? Na habari ya 2028 nimwambie kabla ya sherehe au baada yake?

Mama Unga, Katuba

*

Mama Unga, mdogo wangu, jambo.

Nijibu kwanza lile la haraka. Mshangao usifanye. Mtu mzima amekuambia kwa mdomo wake kwamba ukimtaja hatakuja, na hakutafuna maneno. Wanaume wanaokataa halafu wakalia kwa furaha wapo, rafiki zako hawadanganyi, ila wale hukataa huku wanacheka. Wako alitoka akaenda karakana. Ukimwita mbele ya watu 150 atabaki na mawili: asimame pale akenue meno bila furaha, au aondoke, na ndugu zake wapate cha kusimulia mwaka mzima. Yote mawili yatakuwa yametoka kwenye mkono wako, tena siku yako.

Halafu turudi kwenye jenereta. Barua yako nimeisoma natafuta mahali ulipoandika kwamba lilinunuliwa jingine. Sikupaona. Nilichoona ni kwamba bwana yako anafanya kazi usiku kwa sababu umeme unakuja usiku, na umeliandika hilo kana kwamba ni habari ya umeme. Fundi wa kuchomelea mwenye jenereta anamhudumia mteja saa sita mchana, mteja akiwa amesimama hapo na pesa mfukoni. Asiye nalo anamwambia rudi kesho, na mteja wa Lubumbashi harudi kesho, anavuka barabara kwa fundi mwingine. Kila geti lililovuka barabara tangu wakati ule ni gharama ya kampeni yako. Kwako kampeni ilifungwa usiku wa tarehe 18 Desemba 2023. Kwake haijafungwa.

Kwa hiyo ile akiba ya mbuzi wawili, kitenge cha familia, suti, viti vya kukodi na muziki, ipeleke huko. Na usiende dukani peke yako kumchagulia. Jenereta la kuwasha taa na televisheni si lile la kuvuta mashine ya kuchomelea, na wauzaji wakiona mama amekuja peke yake watakupa wanalotaka liondoke. Mpe yeye pesa, achague mwenyewe. Ikiwa akiba haitoshi, mwambie hivyo hivyo: hizi ni za kuanzia, zilizobaki nitazitoa kwenye unga mwezi hata mwezi. Ataelewa. Alikuwa kwenye bajeti yako tangu siku ya kwanza kuliko mweka hazina yeyote wa chama.

Utaniambia, Mama, deni ni kitu kingine na shukrani ni kitu kingine. Ni kweli. Dawa ya deni ni kulipa, na asante inakuja baada ya hapo. Lakini asante ikitangulia, tena kwa kipaza sauti, masikioni mwa anayekudai inasikika kama ombi la kuongezewa muda. Na yako ina jambo jingine lililofichwa ndani yake. Unadhani hajasikia habari za 2028? Anaishi Katuba, hakai mwezini. Wakubwa wa chama chako wanaongea kwenye nganda, yaani baa, na kwenye matanga, na mafundi ndio watu wanaosikia kila kitu, kwa sababu wateja wakisubiri geti liishe hawana la kufanya ila kuongea. Mimi nahisi anajua. Kama anajua, basi ile suti machoni pake ni malipo ya awali ya kitu kingine kitakachouzwa. Ninakisia tu, wewe ndiye utakayemwuliza. Ila ingenishangaza kama ni ndugu zake peke yao wanaomfanya aseme "usinitaje".

Sasa hotuba yako. "Aliyeniruhusu kuingia siasa." Mama Unga, hiyo mistari ifute hata kama hautaisoma popote. Kanuni ya Familia ya 1987 ndiyo ilikuwa inamtaka mwanamke aliyeolewa aombe ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria. Sheria ya Julai 2016 iliyoirekebisha iliondoa ruhusa hiyo, ikasema mume na mke wapatane. Na kwenye faili la ugombea CENI haikukuomba barua ya mume. Bwana yako hakukuruhusu, hakuwa na cha kuruhusu. Alichokifanya ni kikubwa zaidi: alifanya kazi. Alichomelea, alipika, aliuza, alikesha. Ukisimama ukamshukuru kwa ruhusa, umetupa yote aliyoyafanya na kumpa sifa ya kitu ambacho hakukifanya. Tena umewapa ndugu zake haki, kwa sababu wao shida yao yote ni kwamba aliruhusu. Ndilo kosa wanalomshitaki nalo kwenye matanga, na wewe unataka kulisoma mbele ya watu kama sifa.

"Bila yeye mimi si kitu" nayo iache. Si kweli, na yeye anajua si kweli. Alikuoa ukiwa tayari unaweza kusimama mbele ya soko zima.

Nimesikiliza hotuba nyingi za wanasiasa wa hapa kwetu, kwenye viwanja na kwenye redio. Wanaume wakifika kwenye shukrani wanasema "bibi yangu mpenzi", wanampungia mkono, wanapita. Mama wa watu ameuza vitenge vyake, amepokea wageni wa chama saa nane za usiku, amepika sufuria ambazo hata haziko zake, na analipwa kwa maneno matatu. Hakuna anayesema alichokifanya. Wewe unaweza kufanya vizuri kuliko wao, kwa sababu umekiona na umekikumbuka. Barua yako imejaa. Fremu ya bango, fulana kwa wateja, bukari, thamosi ya chai, daftari la hesabu. Hiyo ndiyo asante yenyewe, na uliiandika kwangu badala ya kumpa yeye.

Basi mpe. Siyo kitandani, siyo mbele ya watoto, siyo siku ya malipo ya shule. Nenda karakana jioni, wakati vijana wanaomsaidia wameondoka, ukae kwenye kile kiti chochote kilichopo. Wanaume wengi husikiliza vizuri mikono ikiwa na kazi, asilazimike kukutazama. Chukua lile daftari uende nalo. Mwambie: "Hili nililiweka. Niliona ulivyoandika kila hesabu hadi alfajiri. Ulikuwa umefanya kazi mchana kutwa ukakesha kwa ajili yangu, na nilipokosa hukuniambia neno." Halafu nyamaza. Usiongeze "na sasa kuna kitu nataka tuongee". Kile kitu kina siku yake. Kama atasema "haya, sawa" na kuendelea kupiga msasa, usihesabu kwamba imeshindikana. Huyo ni mtu aliyekuambia "Mimi niko" akamaliza. Hotuba hazimo kwenye damu yake.

Umeniuliza mbona mama yake alicheza na yeye anakataa. Mama yake alikuja kutoka Likasi kwa kupenda, hakupoteza chombo cha kazi, na hakuna aliyemcheka kwa kumsaidia mkwe wake. Kwake kitenge kile kilikuwa furaha tupu. Kwa mwanawe kusimama mbele za watu kuna bei, na hadi sasa analipa yeye.

Kuhusu ndugu zake. Usiwajibu kwa niaba yake bila kumwuliza. Najua ulimi unakuwasha, na wa kwangu ungewasha. Lakini ukimtetea mbele ya kaka zake, watasema si mnaona, hata kusema anasemewa na bibi. Mwulize swali moja tu: "Ndugu zako wakiongea, unataka nijibu au ninyamaze?" Atakachosema kifuate, hata kama hukipendi. Kuna mtu mmoja anayeweza kuwakemea wale bila kumdhalilisha yeyote, ni mama yao. Alikuwa nyumbani kwako mwezi ule, aliona kwa macho yake. Huna haja ya kumfundisha la kusema, mweleze tu kilichosemwa kwenye matanga, na bwana yako ajue kwamba umemweleza. Nchi hii ilipata waziri mwanamke wa kwanza, Sophie Kanza, mwaka 1966, na Waziri Mkuu mwanamke wa kwanza, Judith Suminwa, mwaka 2024. Mashemeji, katikati ya miaka hiyo yote, wamesogea kidogo sana. Usiwasubiri.

Sasa nifike kwa mtu ambaye barua yako imempita haraka. "Binti yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la mwisho la sekondari, naye alisaidia sana wadogo zake." Mstari mmoja, halafu ukaendelea na dolari.

Darasa la mwisho maana yake ni mwaka wa Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Desemba ndio mwezi ambao wenzake walikuwa wanakaa kwa vikundi kukokotoa maswali ya miaka iliyopita, na yeye alikuwa anaogesha wadogo zake, anawatafutia viatu, anakagua daftari zao, likiwemo lile lililokwenda kituo cha kura. Bwana yako ulimwuliza, akafikiri mchana kutwa, akakubali. Mama mkwe alijileta mwenyewe. Huyu msichana nani alimwuliza? Hujaniandikia alipata asilimia ngapi, wala yuko wapi sasa. Kama alifaulu vizuri na yuko chuoni, utanisamehe, nitafurahi. Lakini mama mwenye mtoto aliyefaulu vizuri huwa hasahau kuandika asilimia.

Siwezi kusema kampeni ndiyo iliyomrudisha nyuma. Hata wewe huwezi. Yeye lakini anaweza kuwa anaisema moyoni, na kwa sababu nyumba nzima inasifu jinsi familia ilivyosimama na mama, hana mahali pa kuisemea. Kaa naye peke yake. Asante yake isiwe na kitenge ndani yake. Mwulize mwaka ule ulikuwaje kwake, usikilize bila kujitetea, hata akisema jambo linalouma. Kisha uliza anataka nini sasa: kurudia mtihani, kuandikishwa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, kozi ya ufundi, mtaji wake mwenyewe, sijui, atasema. Akitaja kitu, kiingie kwenye bajeti pamoja na jenereta, na ikibidi kuchagua kipi kianze, mkae watatu, wewe, baba yake na yeye. Na jambo moja lisijadiliwe: 2028 akishika unga wako sokoni, ashike kwa mshahara uliotajwa. Watoto wa kike wa wagombea ndio wafanyakazi wa kampeni wasio na jina, Congo nzima.

Naona nimemkalia sana huyo binti. Nimefanya makusudi.

Sasa 2028. Mwambie kabla, na mbali na sherehe, na mbali na siku ya daftari. Siku ya daftari ni ya kushukuru tu. Zipite siku, jenereta likishanguruma pale karakana, ndipo umwambie: wakubwa wamekuja, wamesema hivi na hivi, na mmoja ameuliza karatasi za parsele. Usimfiche hilo la parsele hata kidogo, ndilo ambalo akilisikia kwa mtu mwingine litavunja kila kitu. Na ujue sheria inasemaje: vyovyote mlivyochagua mali zenu siku ya ndoa ya serikali, parsele haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ninyi wawili kukubali. Anayekuuliza karatasi zake ukiwa peke yako anajua hivyo pia, au alipaswa kujua.

Mtenganishe mambo mawili mnapoongea. Kugombea ni kwako, huendi kumwomba kibali. Pesa ya nyumba ni yenu wote, na hapo neno lake lina uzito sawa na lako. Anaweza kukuambia "gombea, lakini hakitauzwa kitu". Hilo likitoka, lichukue, ni jibu la haki kabisa kwa mtu aliyeuza chombo chake cha kazi mara ya kwanza bila kuombwa. Mnaweza kukubaliana kabla, kwenye karatasi: kiasi gani kitoke kwenye unga, nini kisiguswe, na nani apike.

Chama nacho kina maswali ya kujibu kabla hujasema ndiyo. Walikuleta 2023 kwa haraka wakaokoa dhamana, halafu mashahidi wakalipiwa na jenereta la bwana yako. Safari hii waulize, mbele ya katibu anayeandika: mashahidi atalipa nani, mabango atalipa nani, na jina langu litakuwa la ngapi kwenye orodha. Wakikuambia kwamba kila kandida anajitegemea, waulize wanaume walio kwenye orodha hiyo hiyo kama na wao wameulizwa karatasi za parsele zao.